Siku ya Mtakatifu George: kwa nini Mwingereza aliyeko ughaibuni husita kuisherehekea

Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa Qatar, Uingereza iliifunga Wales mabao matatu kwa bila. Katika vibanda umiza vya kwetu, mechi ya aina hiyo huzua swali ambalo halihusu mpira hata kidogo: ikiwa Wales imo ndani ya Uingereza, inawezekanaje nchi ikacheza na kipande chake yenyewe? Swali hilohilo hurudi kwa sura nyingine kila ifikapo tarehe 23 Aprili, siku ya Mtakatifu George. Magazeti ya huko huanza kuulizana kwa nini siku hiyo hupita kimyakimya, na Waingereza wanaoishi Hispania, Dubai, Kanada au Nairobi hujikuta hawajui kama waisherehekee, waifanye ya faragha, au wajifanye hawakuiona kwenye kalenda.

Wanaolitazama jambo hili kwa mbali hudhani kwamba ni unyenyekevu tu wa Kiingereza, au kwamba dini imepoa katika nchi hiyo. Yote mawili yamo, lakini hayatoshi kulieleza. Kiini chake kiko katika jina lilelile linalotuchanganya tunapotazama mpira, na ndiyo maana ni lazima tuanze na maneno.

Kiswahili hutumia neno moja, Uingereza, kwa vitu viwili. Cha kwanza ni dola yenye serikali yake London, yenye kiti katika Umoja wa Mataifa na inayotoa pasipoti. Jina lake rasmi ni Ufalme wa Muungano wa Britania Kuu na Ireland ya Kaskazini. Cha pili ni nchi moja tu kati ya nne zilizomo ndani ya dola hiyo, ile ambayo wenyewe huiita England, pamoja na Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Katika makala hii, Uingereza itakuwa dola nzima, England itakuwa hiyo nchi moja, na kwa kuwa hatuna neno jingine lililozoeleka, Mwingereza atakuwa mtu wa England. Mchanganyiko huu si kosa la Waswahili peke yao. Waingereza wenyewe, kwa vizazi vingi, walisema England wakimaanisha dola nzima, na waliokuwa wakinung'unika ni Waskoti.

Mtakatifu msimamizi, kwa upande wake, ni mtakatifu ambaye nchi, mji, kazi au mtu humchukua awe mwombezi wake mbele ya Mungu. Wakristo wa kwetu waliopewa majina ya ubatizo wanalijua jambo hili kwa neno somo: mtoto aliyeitwa Yosefu ana somo wake, na sikukuu ya somo wake ni kama sikukuu yake. Somo wa Uskoti ni Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba; wa Wales ni David, tarehe 1 Machi; wa Ireland ni Patrick, tarehe 17 Machi. Katika Uskoti na Ireland ya Kaskazini siku hizo zimo katika orodha ya sikukuu za umma. Katika England, tarehe 23 Aprili ni siku ya kazi kama nyingine. Wakati wa uchaguzi wa mwaka 2017, chama cha Labour kiliahidi kuzifanya siku zote nne kuwa za mapumziko, lakini kikashindwa, na ahadi ikaishia hapo.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wa jambo hili mlangoni pake. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar ilibaki na serikali yake, Rais wake na chombo chake cha kutunga sheria, na leo inapeperusha pia bendera yake. Tanganyika iliingia ndani ya Muungano mzimamzima. Mambo yake yakaendeshwa na serikali ya Muungano, na jina lake likabaki katika vitabu vya historia na katika ule ubishi wa kila tarehe 9 Desemba, kama tunaadhimisha uhuru wa Tanganyika au wa Tanzania Bara. Rasimu ya Katiba iliyotokana na Tume ya Warioba ilipopendekeza serikali tatu, wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba mshirika mkubwa ndiye asiyekuwa na chombo chake mwenyewe.

England iko hivyohivyo. Uskoti na Wales zilipata mabunge yao mwaka 1999, na Ireland ya Kaskazini ina la kwake. England haina. Sheria zake hutungwa na Bunge la Westminster, ambamo wabunge wa Uskoti nao hupiga kura. Kati ya mwaka 2015 na 2021 ulijaribiwa utaratibu wa kuwapa wabunge wa England kura ya ziada katika mambo yanayoihusu England pekee, kisha ukafutwa bila watu wengi kuomboleza. Hata wimbo wa taifa wanaouimba wachezaji wa England kabla ya mechi za mpira ni wimbo wa Ufalme wote, ilhali Waskoti na watu wa Wales huimba nyimbo zao. Mfano wetu una mipaka, bila shaka: Tanganyika ilichorwa na wakoloni, na England ni ufalme uliokuwapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Lakini hali ya mkubwa kupotea ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe inafanana mno kuiacha bila kuitaja.

Sasa tumjue huyu George. Mapokeo ya Kikristo yanamweleza kuwa askari wa jeshi la Kirumi, mwenye asili ya Kapadokia katika Uturuki ya leo, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake huko Lydda, Palestina, mnamo mwaka 303 wakati wa mateso ya Kaisari Diocletian. Yanayojulikana kwa uhakika wa kihistoria ni machache sana. Hakukanyaga England, na wakati wake lugha ya Kiingereza ilikuwa haijazaliwa. Kisa cha joka kiliongezwa karne nyingi baadaye, na mkusanyo maarufu wa visa vya watakatifu ulioandikwa na Jacobus de Voragine katika karne ya 13 ulikiweka katika mji wa Silene, Libya. Kwa hiyo hata joka lenyewe ni la Afrika.

Hapa ndipo watu hupenda kucheka: msimamizi wa England ni mgeni! Hoja hii hutumiwa na wale wanaopinga chuki dhidi ya wahamiaji, na ni ya kweli, lakini haielezi kigugumizi cha Waingereza kwa sababu Andrea naye hakuwa Mskoti, na Patrick mwenyewe alizaliwa Britania na kufikishwa Ireland akiwa mateka. Watakatifu wasimamizi mara nyingi ni wageni. Wengine hudai pia kwamba Kanisa Katoliki lilimfuta George katika orodha ya watakatifu. Halikumfuta. Katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 kumbukumbu yake ilifanywa ya hiari, na utakatifu wake haukuguswa.

Tena England haimmiliki peke yake. Yeye ndiye msimamizi wa nchi ya Georgia. Katalonia, nchini Hispania, humwadhimisha siku hiyohiyo kwa kupeana waridi na vitabu. Ethiopia humheshimu kwa jina la Giyorgis: kanisa lake huko Lalibela limechongwa chini ya ardhi katika mwamba mmoja kwa umbo la msalaba, na ushindi wa Adwa dhidi ya Waitalia, tarehe 1 Machi 1896, ulipatikana katika siku yake kwa kalenda ya Kiethiopia. Klabu kongwe ya mpira ya Addis Ababa ina jina lake, na bia pia. Huko Palestina, kijiji cha al-Khader kilicho karibu na Bethlehemu kina kanisa lake, na Waislamu wa eneo hilo wamekuwa wakimnasibisha na Khidhr, yule ambaye wafasiri wanasema ndiye aliyesafiri na Nabii Musa katika kisa cha Sura ya al-Kahf. Mtu aliyesoma madrasa Lamu au Unguja huenda anamjua mtakatifu wa England kwa upande ambao Mwingereza mwenyewe haujui.

Alifikaje England basi? Kwa njia ya vita. Simulizi za wapiganaji wa vita vya msalaba zilimpa sifa ya kuwa mlinzi wa askari, na mwaka 1277 askari wa mfalme Edward wa Kwanza walivaa msalaba wake mwekundu walipokwenda kupigana na watu wa Wales, jambo ambalo watu wa Wales hawana haja ya kulisahau. Mnamo mwaka 1348 Edward wa Tatu alianzisha shirika la heshima la mashujaa chini ya usimamizi wake, na taratibu akawapita watakatifu wenyeji, mfalme Edmund na mfalme Edward Mwungamadini. Baada ya ushindi wa Agincourt dhidi ya Wafaransa mwaka 1415, sikukuu yake ilipandishwa kuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa za Kanisa la England. Kisha yakaja Mageuzi ya Kiprotestanti yaliyopunguza sikukuu za watakatifu, na mwaka 1707 ukaja muungano na Uskoti, na hapo siku ya George ikaanza kufifia. Haikupigwa marufuku wakati huo, na hata leo hakuna sheria inayomkataza mtu kuisherehekea, ingawa uvumi huo huzuka karibu kila mwaka. Ilikosa kazi tu. Aliyekuwa Mwingereza akawa Mbritania, tena mtawala wa dola iliyoenea duniani, na mwenye mji hana haja ya kujitambulisha mjini mwake.

Upande wa bendera una uzito zaidi. England ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966 uwanjani Wembley, mashabiki wengi walipunga bendera ya Muungano, ile yenye misalaba ya George, Andrea na Patrick iliyowekwa pamoja, bila mtu kuona ajabu. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 1996, yaliyofanyika England kwenyewe, waliojaa viwanjani walikuwa na msalaba mwekundu peke yake kwenye kitambaa cheupe. Watu wa kawaida walikuwa wameanza kuipata England yao kwa njia ya mpira. Lakini vikundi vya siasa kali za kibaguzi navyo viliuchukua msalaba huo, hususan English Defence League kilichoanzishwa mwaka 2009, na tangu hapo kitambaa kimoja kimebeba maana mbili zinazogombana. Mwezi Novemba 2014 mbunge Emily Thornberry alilazimika kujiuzulu wadhifa wake katika baraza kivuli la mawaziri baada ya kutuma mtandaoni picha ya nyumba iliyotundikwa bendera za England; hakuandika tusi lolote, ila watu waliona dharau ya mtu wa tabaka la juu kwa wafanyakazi. Mwezi Agosti 2025 bendera zilianza kufungwa kwenye nguzo za taa katika miji mingi na misalaba ikapakwa rangi kwenye vipilefti vidogo, wakati uleule wa maandamano nje ya hoteli zilizohifadhi waomba hifadhi. Kuna aliyeona mapenzi ya nchi, na kuna aliyefunga mlango wake mapema jioni.

Kwa hiyo mtu anayeondoka England anaondoka na mzigo huo begini. Na hapa nifungue mabano kidogo: Mwingereza anayehamia pwani ya Hispania kwa ajili ya jua hajiiti mhamiaji, ana neno jingine lenye heshima zaidi, ilhali Mtanzania anayekwenda kufanya kazi hospitalini Leeds huitwa mhamiaji tangu anaposhuka uwanja wa ndege. Nimefunga mabano.

Kihistoria, ughaibuni ndiko siku hii ilikopata maisha mapya. Mwaka 1770 Waingereza wa New York walianzisha Chama cha Mtakatifu George, ambacho kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenzao waliofika ng'ambo wakakwama bila fedha wala jamaa. Sisi tunavijua vyama vya namna hiyo. Watu wa wilaya moja wanapokutana Dar es Salaam au Nairobi huunda chama cha kusaidiana na kuzikana, wakachagua mweka hazina, wakawa na siku yao ya kukutana kwa mwaka. Kijijini kwao chama hicho hakina maana, kwa sababu kijiji kizima ni chama. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waingereza: nyumbani hawakuihitaji siku ya George, ila walipofika mahali walipokuwa watu fulani miongoni mwa watu wengine, chakula cha jioni cha tarehe 23 Aprili kikawa cha lazima. Hadi leo jimbo la Newfoundland na Labrador, huko Kanada, lina mapumziko ya Mtakatifu George kwa watumishi wa serikali, kitu ambacho London haina.

Lakini yale mazingira ya kale yamebadilika, na ndiyo maana hisia zimegawanyika. Mwingereza wa leo aliyeko ughaibuni huulizwa na wenyeji swali jepesi kila mwezi Machi, baada ya Waairishi kupita barabarani wakiwa wamevaa kijani: na ninyi, siku yenu ni lini? Waairishi wana maandamano yao New York tangu mwaka 1762, na jamii yao ya ng'ambo iliongezeka sana kwa sababu ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845. Simulizi yao ni ya wanyonge waliosalimika, na dunia hupenda kucheza ngoma ya wanyonge waliosalimika. Simulizi ya Mwingereza nje ya kwao mara nyingi ni ya bwana wilaya. Akiwa Nairobi au Dar es Salaam, anajua kwamba msalaba mwekundu ulikuwamo ndani ya bendera iliyoshushwa usiku wa uhuru. Hakuna anayejali akila chakula na marafiki zake hotelini. Kuandamana mtaani na bendera ni jambo jingine, na Waingereza wengi wana busara ya kutosha kuiona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Kuna pia ugumu wa ndani ya jamii yao wenyewe. Ughaibuni, Mwingereza huishi na Waskoti, watu wa Wales na Waairishi; hucheza nao gofu, hupeleka watoto shule moja, na ubalozi unaowahudumia ni wa Ufalme wote, ambao shughuli yake kubwa ya mwaka ni sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Mfalme. Mskoti anapowaalika wote kwenye karamu yake ya Januari ya kumkumbuka mshairi Robert Burns, anawaalika kuona mila ya watu wadogo. Mwingereza akiwaalika walewale kwenye siku ya George, anaogopa isionekane kama mkubwa anawakumbusha wadogo ukubwa wake. Wengine huhisi aibu ya kitabaka: kwao bendera ya msalaba inayoning'inia kwenye baa ya Benidorm, mji wa pwani ya Hispania, ni ishara ya ulevi wa mpira, na hukaa mbali na Waingereza wenzao kuliko wanavyokaa mbali na wenyeji. Binafsi naona hofu hiyo inasema mengi juu ya matabaka ya England kuliko juu ya bendera.

Na wapo ambao ughaibuni umewarahisishia. Mwaka 1968 na mwaka 1972, familia nyingi zenye asili ya Asia ziliondoka Kenya na Uganda, nyingi zikaishia Leicester. Watoto na wajukuu wao walizaliwa England, wanazungumza kwa lafudhi ya huko, lakini nyumbani huulizwa wametoka wapi hasa, na wengi wao huona raha zaidi kujiita Wabritania kuliko Waingereza. Mmoja wao akienda kufanya kazi Dubai, wenyeji husikia lafudhi yake na kumwita Mwingereza bila kumuuliza la pili. Kwa mtu kama huyo, jezi ya timu ya England, inayovaliwa na wachezaji wa rangi zote, imefungua mlango ambao chakula cha jioni cha chama hakikuufungua.

Takwimu za sensa ya England na Wales zinaonyesha jinsi jambo hili lilivyo laini. Mwaka 2011 asilimia 57.7 ya watu walijitambulisha kuwa Waingereza tu. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 14.9, na waliojiita Wabritania tu walipanda kutoka asilimia 19.1 hadi 54.8. Je, taifa zima lilibadili moyo ndani ya miaka kumi? La. Sehemu ya mabadiliko hayo ilitokana na dodoso lenyewe, kwa kuwa safari hii chaguo la Mbritania liliwekwa juu kabisa ya orodha. Utambulisho unaoweza kusogezwa kiasi hicho kwa kupanga upya visanduku vya karatasi si utambulisho ambao mtu ataupigia ngoma akiwa ugenini, hasa baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020, ambapo baadhi ya Waingereza waliokuwa na bibi aliyezaliwa Ireland waliomba pasipoti za Kiairishi. Mtu huyo ana George kwa kuzaliwa na Patrick kwa makaratasi, na Patrick ndiye anayemvusha mpakani bila foleni.

Wanaoamua kusherehekea hata hivyo hutafuta njia ya pembeni. Tarehe 23 Aprili ndiyo aliyofariki Shakespeare mwaka 1616, na ndiyo inayokumbukwa kuwa ya kuzaliwa kwake, hivyo jioni ya mashairi hupunguza makali ya bendera. Hata hivyo tarehe yenyewe haitulii. Ikiangukia karibu mno na Pasaka, Kanisa la England huisogeza mbele: mwaka 2025 ilikuwa 28 Aprili, na mwaka 2030, Pasaka itakapokuwa 21 Aprili, itasogea hadi 29. Vyama vingi vya ng'ambo huona ni heri kufanya karamu Jumamosi iliyo karibu, watu wasikose kazi. Mwingereza aliyeko Addis Ababa hana haja ya kungoja Aprili, kwa kuwa kila mwezi wa Kiethiopia, tarehe 23, waumini waliojitanda shuka nyeupe humkumbuka Giyorgis, na hakuna anayemuuliza ametoka nchi gani.